UZI: Lodi kesi yako ichambuliwe kwa namna gani? Mnara wa tangi wa Kigoma na rodi zinazobeba mfuko mmoja wa saruji

Fundi wa Gungu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, mwisho wa reli, na kazi yangu ni hesabu za miundo: majengo, minara ya matangi, vivuko vidogo. Wiki hii nimeletewa ripoti ya mnara wa tangi la maji niikague, na ndani yake nimekuta kosa ambalo nalikuta mara nyingi mno kwa vijana wetu wenye akili nzuri. Mimi mwenyewe nililifanya nikiwa na miaka mitatu kazini. Kosa liko kwenye kijisanduku kimoja cha programu, pale unapoulizwa lodi kesi hii (yaani kundi la mizigo linalochambuliwa kwa pamoja) ichambuliwe kwa namna gani: linia (majibu yanakua sawia na mzigo) au nonlinia (hayakui sawia), tuli (statiki), modali (mitetemo ya asili ya muundo), spektra (tetemeko). Watu wanakibofya wakiwa wanawaza kitu kingine.

Mnara ni wa chuma, miguu minne, kitako cha mraba mita 4 kwa 4. Kimo ni mita 12 hadi chini ya tangi, umegawanywa ngazi tatu za mita 4. Juu limekaa tangi la duara la mita za ujazo 45. Kila upande, katika kila ngazi, kuna rodi mbili za milimita 20 zilizopishana kama herufi X. Namba nimezizungusha ili ziingie kichwani na ili mradi wa mtu usitambulike.

Maji tuseme kN 450 (kilonyutoni; kN 10 ni karibu uzito wa tani moja). Chuma chote, tangi tupu pamoja na mnara, kN 80. Upepo kwenye tangi kN 30, unasukuma mita 13.5 kutoka ardhini. Upepo unaogonga miguu na rodi nimeuacha ili hesabu iwe fupi, kazini usiuache.

Aliyeandika ripoti aliweka lodi kesi zote statiki ya linia. Programu ikamjibu: kwenye kila X ya pande mbili zinazofuata mwelekeo wa upepo, rodi moja inavutwa kwa kN 10.6, nyingine inakandamizwa kwa kN 10.6. Akachukua 10.6, akachagua rodi, akafungua ukurasa wa msingi.

Tusimame hapo kwanza. Rodi hiyo ya mshazari ina urefu wa mita 5.66. Chukua fomula ya Euler ya nguzo inayojipinda: E (ugumu wa chuma chenyewe) ni 205,000 N/mm², I (uwezo wa umbo kupinga kupinda) ya duara la milimita 20 ni mm⁴ 7,854, urefu ni mm 5,657. Jibu linakuja karibu N 500. Huo ni uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Programu imeipa rodi hiyo mkandamizo wa mifuko ishirini na moja, na ripoti ikaukubali.

Rodi halisi haitakubali. Itapinda kidogo, italegea, na mwenzake itabeba kila kitu. Kila upande kati ya hizo mbili unachukua nusu ya upepo, kN 15. Gawa kwa kosini ya digrii 45, unapata kN 21.2. Mara mbili ya iliyoandikwa kwenye ripoti. Na kwa kuwa rodi inayofanya kazi ni moja badala ya mbili, kuyumba kunakoletwa na rodi nako kunakuwa mara mbili. Kwa mnara huu, kwa hesabu ya mkono, kilele kinatoka kama milimita 6 kwenda kama milimita 10.

Programu haikukosea. Iliambiwa linia, na linia ina masharti yake: kila memba inavutwa na kukandamizwa kwa ukakamavu uleule, mzigo ukiwa mara mbili, majibu nayo ni mara mbili, na usawa wa nguvu unapigwa kwenye umbo la mwanzo, kabla jengo halijasogea. Kwa bimu ya zege ya sebuleni masharti hayo yanatosha kabisa. Kwa rodi ya X yamevunjika kabla upepo haujakolea.

Mnara wangu mimi ulikuwa mdogo kuliko huu, kando ya ziwa. Nilikwenda saiti kiangazi, ule upepo wa kusini-mashariki unapovuma Tanganyika bila kupumzika, tangi likiwa bado tupu. Rodi za mshazari mmoja zilikuwa zimelegea, naweza kuzitikisa kwa vidole. Za mshazari wa pili ukizigonga kwa spana zinalia kama uzi wa zeze. Nilisimama pale na karatasi zangu mkononi zinasema zote mbili zinabeba sawa. Tulibadilisha rodi kabla ya kujaza maji. Tangu siku ile sibofyi kijisanduku kile kabla sijajiuliza: kitu hiki, mzigo huu ukija, kitafanya nini?

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

---

Mdau wa Tabora

Mkuu asante, hiyo ya mfuko wa saruji nimeielewa papo hapo. Mimi nina hosteli ya ghorofa tatu ya zege hapa Tabora, fremu za kawaida na slabu. Huwa naweka P-Delta kwenye kila lodi kesi, nikiamini ni usalama zaidi. Nakosea?

---

Fundi wa Gungu

Mkuu, hukosei kwa nia, lakini kuna mawili.

Kwanza, je, unaihitaji? P-Delta ni momenti inayozaliwa uzito ukishasogezwa pembeni: P mara msogeo. Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya tetemeko, inakupa kipimo cha haraka kwa kila ghorofa, kinaitwa θ. Chukua uzito wote ulio juu ya ghorofa hiyo, uzidishe kwa msogeo wa sakafu hadi sakafu, ugawe kwa nguvu ya kukata ya ghorofa mara kimo chake. Msogeo huo ni ule wa usanifu, ulioshazidishwa kwa q (kizidishio cha tabia ya jengo wakati wa tetemeko), si ule mdogo wa elastiki. Mfano: uzito kN 6,000, msogeo milimita 8, nguvu ya kukata kN 300, kimo milimita 3,200. Unapata 0.05. Ikiwa haizidi 0.1 unaruhusiwa kuiacha P-Delta. Kati ya 0.1 na 0.2 unaweza kukuza athari za tetemeko kwa 1/(1−θ). Ikipita 0.3 hairuhusiwi, rudi ukaongeze ukuta au nguzo.

Ila usipime kwa zege lisilo na ufa. Kanuni hiyohiyo inakutaka, usipokuwa na uchambuzi wa kina zaidi, uchukue nusu ya ukakamavu wa zege zima. Nimeona mtu akijisifu θ yake ni ndogo, kumbe nguzo zake kwenye kompyuta ni ngumu mara mbili.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Ukiweka P-Delta kwenye lodi kesi ya upepo PEKE YAKE, ndani ya lodi kesi hiyo hakuna uzito. P ni sifuri. Umelipia muda wa kompyuta na hukupata kitu. Uzito uko kwenye lodi kesi nyingine, na hizo mbili hazijuani.

Kwa jengo lako fanya hivi. Tengeneza lodi kesi moja ya nonlinia yenye P-Delta, ndani yake weka uzito wa kudumu na sehemu ya mzigo wa watu, vyote kwa pamoja. Kisha lodi kesi zako nyingine zote ziache linia, lakini uziambie zitumie ukakamavu uliobaki mwishoni mwa ile ya kwanza. Programu ya SAP2000 inakuruhusu kuchagua hivyo kwenye kila lodi kesi, na ile ya ETABS ina mpangilio wa P-Delta wa jengo zima unaofanya jambo hilohilo. Kwa kuwa zote zinatumia ukakamavu mmoja, unaweza kuzijumlisha kwenye kombinesheni (jumla ya lodi kesi, kila moja na kizidishio chake) bila dhambi.

---

Dada wa Kibirizi

Kaka, uzi mzuri, lakini kuna kitu umekiruka. Tangi ni la duara, upepo unaweza kutoka pande zote. Umeuelekeza upande wa mraba tu. Ukija kwa pembe ya digrii 45 hali ya miguu inabadilika.

Upepo wa mbele: momenti ni 30 × 13.5 = 405 kNm. Gawa kwa mita 4, kisha kwa miguu miwili, kila mguu kN 50.6. Upepo wa kona: miguu miwili ya katikati haifanyi chochote, mguu mmoja unavutwa na mmoja unakandamizwa, na umbali wao ni mshazari wa mraba, mita 5.66. 405 gawa kwa 5.66 ni kN 71.6.

Sasa tangi likiwa TUPU. Kila mguu una kN 20 tu za kuushikilia chini. Wengi wetu tumesomea BS 5950, kanuni ya zamani ya Uingereza ya miundo ya chuma, tutumie vizidishio vyake vya usalama: 1.0 ya uzito wa kudumu na 1.4 ya upepo. Kwa upepo wa mbele mguu unataka kung'oka kwa kN 51. Kwa upepo wa kona, kN 80. Anka bolti (bolti zinazoushika mguu kwenye msingi) zilizochaguliwa kwa 51 hazitoshi.

Kwa rodi ni kinyume: upepo wa kona unagawanywa pande zote nne, rodi inapata kN 15 badala ya 21.2. Kwa hiyo rodi zinaamuliwa na upepo wa mbele, na anka zinaamuliwa na upepo wa kona. Huwezi kuchagua mwelekeo mmoja ukasema umemaliza.

---

Fundi wa Gungu

Dada, umenisahihisha sawasawa, na nashukuru. Watu wasome ujumbe huo mara mbili. Mnara wa tangi ukijaa unabonyea, ukiwa tupu unang'oka. Msanifu anayechora tangi likiwa limejaa tu amechora nusu ya kazi.

Na hapa kijisanduku kile kinarudi tena. Ukiweka tegemeo la kawaida chini ya mguu, linia itakupa mvutano wa kN 80 na itaushikilia kwa utulivu kabisa, hata kama kwenye saiti mguu umekaa tu juu ya pleti bila anka ya maana. Tegemeo la linia linavuta na kusukuma. Udongo hauvuti, unasukuma tu. Ama ubuni anka na msingi mzito wa kuishika kN 80 hiyo, na hapo linia kwenye tegemeo ni sahihi. Ama uweke tegemeo la mkandamizo pekee, ambalo lodi kesi za nonlinia ndizo zinazolitii. Kwa mnara mimi nachagua anka na uzito wa msingi, bila kusita.

---

Kijana wa Katubuka

Shikamoo mzee. Ripoti hiyo nadhani ni yangu, au ya mtu mwenye mnara kama wangu. Sijachukia, nataka kujifunza.

Baada ya maelezo yako ya kwanza nimebadilisha. Nimeziwekea rodi zote ukomo wa kutobeba mkandamizo. Nikaendesha, majibu yakawa yaleyale, 10.6 na 10.6. Nikagundua lodi kesi bado ni linia, nikazibadilisha zote kuwa nonlinia: uzito, maji, upepo. Kisha nikazijumlisha kwenye kombinesheni kama kawaida, 1.2 ya kila moja. Rodi sasa zinaonyesha mvutano mkubwa, lakini kuna rodi za ngazi ya chini zinatoa namba ambazo sizielewi. Nimekosea wapi tena?

---

Fundi wa Gungu

Marahaba kijana. Na hongera kwa kusema wazi, hilo ndilo linalomkuza mhandisi.

Umepita hatua moja na kukutana na mlango wa pili, ule ambao karibu kila mtu anaugonga kwa kichwa. Ukomo wa mkandamizo lodi kesi ya linia huupuuza kimya kimya. Hilo umeliona mwenyewe. Lakini lodi kesi za nonlinia HAZIJUMLISHWI.

Fikiria hivi. Kwenye lodi kesi ya upepo pekee, rodi ya kushoto inavutwa, ya kulia imelegea. Kwenye lodi kesi ya maji pekee, miguu inafupika kidogo, rodi zote mbili zinasukumwa, zote zinalegea, zinatoa sifuri. Ukijumlisha, unajumlisha majibu ya minara miwili tofauti: mmoja una rodi moja kwa kila X, mwingine hauna rodi kabisa. Mnara wako una maji na upepo kwa wakati mmoja. Ni mnara mmoja wenye hali moja, na hali hiyo haimo kwenye lodi kesi yoyote uliyoendesha.

Dawa ni kuingiza kombinesheni ndani ya lodi kesi yenyewe. Lodi kesi ya kwanza: 1.2 uzito wa chuma pamoja na 1.2 maji, nonlinia, kuanzia hali ya sifuri. Lodi kesi ya pili: INAENDELEA kutoka mwisho wa ya kwanza, inaongeza 1.2 upepo. Majibu ya ya pili ndiyo majibu yako, hayaongezwi kitu. Fanya hivyo kwa kila mwelekeo wa upepo, tangi limejaa na tangi tupu. Tupu inaanza na 1.0 ya chuma peke yake, kisha 1.4 ya upepo. Mielekeo minane mara hali mbili ni lodi kesi kumi na sita za upepo, ukiacha mbili za kuanzia. Si nyingi, kompyuta itamaliza kabla chai haijapoa.

Anayetumia STAAD, programu nyingine ya hesabu za miundo, naye asikilize. Kule kuna amri mbili zinazofanana machoni. Moja inachukua majibu yaliyokwisha kupatikana na kuyajumlisha kwa hesabu tupu. Nyingine inarudia mizigo yenyewe na vizidishio vyake, inaiweka yote juu ya muundo kwa pamoja, kisha inachambua upya. Kwa memba za mvutano pekee na kwa P-Delta ni hiyo ya pili tu inayofaa.

Na usikimbilie kudhani shida ya mnara huu ni P-Delta. Uzito wote kN 530, kilele kimesogea milimita 10: momenti ya ziada ni 5.3 kNm kwenye 405. Asilimia moja na kitu. Iwashe, haina gharama, lakini aliyekuharibia hesabu ni rodi.

---

Mpita Reli

Wazee wa kazi, na tetemeko je? Kigoma tuko juu ya bonde la ufa. Desemba 2005 wengine tulikuwa darasani alasiri, madirisha yakapiga kelele, walimu wakatutoa nje. Mnara huu unachambuliwa vipi kwa tetemeko, na lodi kesi ya spektra nayo inawekwa nonlinia?

---

Fundi wa Gungu

Mkuu, swali lako ni zito na linatuhusu sana sisi wa magharibi. Lile la 5 Desemba 2005 lilikuwa la ukubwa wa 6.8, kitovu chake ziwani, na Kalemie ng'ambo ndiko kulikoumia. Bukoba walipata lao la 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, na tuliona nyumba zilivyolala chini. Ukirudi nyuma zaidi kuna lile la Rukwa la Desemba 1910, lililofika kama 7.4. Mtu anayechora mnara wa tani 50 juu ya miguu minne mkoa huu bila lodi kesi ya tetemeko, mimi siisaini kazi yake.

Spektra haiwi nonlinia. Inatokana na modi (namna ambazo mnara hutetemeka wenyewe), na modi zinatokana na ukakamavu mmoja usiobadilika. Kwa hiyo rodi zako za mvutano pekee zitarudi kuwa rodi za kawaida, zote mbili zinafanya kazi, mnara unaonekana mgumu kuliko ulivyo. Eurocode 8 inalisema wazi: kwenye fremu za X, kwa uchambuzi wa elastiki, hesabu mishazari inayovutwa tu. Kwa hiyo tengeneza modeli ya pili ya tetemeko, futa rodi moja kwenye kila X, zibaki zinazovutwa kwa mwelekeo unaouangalia. Memba zilizobaki zikichorwa hivyo, linia inasema kweli.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye masi, yaani tani zinazotikiswa na tetemeko. Kijana wa Katubuka, kaangalie yako usiku huu. Maji ukiyaingiza kama mzigo, programu haiyahesabu kama masi mpaka uiambie. Nyingi zikiachwa zilivyo zinachukua uzito wa memba tu. Mnara huu una tani 8 za chuma na tani 45 za maji. Ukakamavu wa pembeni, kN 30 kwa milimita 10, ni kN 3,000 kwa mita. Ukiwa na tani 53 kipindi cha mtetemo ni kama sekunde 0.8. Ukisahau maji, ni sekunde 0.3.

Utasema sekunde 0.3 iko kwenye sehemu ya juu ya spektra (mchoro wa mchapuko wa tetemeko kwa kila kipindi), kwa hiyo ni usalama. Sivyo. Kwa spektra ya aina ya 1 na udongo wa kundi C, sehemu ya juu inaishia sekunde 0.6. Kwenye 0.8 mchapuko umeshuka hadi robo tatu, lakini unazidishwa kwa tani 53, kwenye 0.3 uko kamili, unazidishwa kwa tani 8. Nguvu ya kukata chini inakuwa karibu moja ya tano ya ile ya kweli. Na ripoti itachapishwa vizuri na rangi zake zote.

Maji nayo hayatetemeki yote pamoja na tangi. Housner alionyesha mwaka 1963 kwamba sehemu ya chini inakwenda na kuta na sehemu ya juu inayumba yenyewe polepole kama maji kwenye beseni. Kwa tangi la ukubwa huu, kuyafunga yote kwenye mnara ni hesabu ya upande wa salama, nami ndivyo ninavyofanya. Kwa tangi kubwa na pana, gawanya masi mbili.

Mengine kwa haraka. Hakikisha modi ulizochukua zimekusanya angalau asilimia 90 ya masi kila upande. Mnara unafika na modi chache, jengo refu lenye mabawa linaweza kuhitaji nyingi. Majibu ya spektra hayana alama, yote chanya, kwa hiyo kwenye kombinesheni yaweke jumlisha NA toa, la sivyo hutaona mguu uking'oka. Na changanya asilimia 100 ya upande mmoja na 30 ya mwingine, kisha geuza.

---

Mdau wa Tabora

Mkuu, kabla hatujafika mbali: lodi kesi ya kujipinda, ile inayotoa vizidishio, ina kazi gani? Nina ukumbi wa fremu za chuma pia, kenchi ndefu.

---

Fundi wa Gungu

Ina kazi nzuri ukiitumia kuuliza swali moja tu: je, ninahitaji P-Delta? Inakupa kizidishio ambacho mzigo ukifika hapo fremu inaanguka kwa kujipinda. Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya chuma, inasema kikiwa 10 au zaidi kwa uchambuzi wa elastiki, linia ya kawaida inatosha. Kikiwa chini ya 10, hesabu umbo lililosogea. Kikiwa chini ya 3, njia za mkato za kukuza nguvu zinafungwa, lazima uchambuzi kamili.

Kumbuka kila kundi la mizigo lina kizidishio chake. Uzito una chake, uzito pamoja na upepo una chake. Havijumlishwi.

Kenchi yako ndefu Tabora naiogopea upepo wa kunyanyua zaidi. Bati ni jepesi, na upepo unaotangulia mvua unaweza kuugeuza mvutano wa memba za chini ukawa mkandamizo. Kamba ya chini iliyokuwa inavutwa inakandamizwa ghafla, na haina kitu cha kuizuia pembeni. Hapo linia itakuonyesha vizuri tu, ukiwa umeweka lodi kesi ya kunyanyua. Tatizo halikuwa aina ya uchambuzi bali mzigo uliosahaulika.

---

Kijana wa Katubuka

Mzee, nimerudi. Masi ulisema kweli, maji hayakuwemo. Nimesahihisha, kipindi kimetoka 0.33 kikaenda 0.84.

Lodi kesi kumi na sita nimeziandika. Tangi tupu zote nane zimekwenda. Rodi inayovutwa kwa upepo wa mbele ni kN 29.9, inayolegea sifuri. Nimepiga kwa mkono, 21.2 mara 1.4 ni 29.7. Kung'oka kwa mguu wa kona ni kN 80.6, sawa na alivyosema Dada. Lakini zile za tangi lililojaa zinakataa. Programu inaandika kwamba hesabu haikutulia, inasimama kwenye lodi kesi ya kwanza kabisa ya uzito na maji, hata upepo haujaingia. Nimeongeza idadi ya marudio mpaka 500, haikusaidia.

---

Dada wa Kibirizi

Mdogo wangu, miguu ya mnara umeiunganishaje kwenye kila ngazi? Umeweka bawaba, yaani viungo vinavyozunguka bila upinzani?

---

Kijana wa Katubuka

Ndiyo dada, ncha zote nimeziweka bawaba. Nilifuata mfano wa kenchi.

---

Fundi wa Gungu

Dada ameshaliona. Maji yakiingia, miguu inafupika, rodi zote mbili za kila X zinalegea kwa wakati mmoja. Ukiwa na bawaba kila nodi na hakuna rodi inayofanya kazi, ngazi haina kinachoizuia kwenda kushoto wala kulia. Programu inakwambia ukweli: hicho si mnara tena. Marudio 500 au 5,000 hayataupa mguu ukakamavu.

Kwenye saiti mguu ni chuma kimoja kinachopita ngazi zote, au vipande vilivyofungwa kwa pleti na bolti. Toa bawaba kwenye miguu, iache iendelee toka chini hadi juu. Mihimili ya mlalo iache na bawaba zake. Ukakamavu mdogo wa mguu kupinda utaishikilia modeli mpaka upepo uje na kukaza rodi moja.

Kisha ingiza mkazo wa mwanzo kidogo kwenye rodi, kwa sababu fundi naye atazikaza kwa skrubu ya kukazia. Anza na kN 3 kwa rodi, uwe ndani ya lodi kesi ya kwanza pamoja na uzito, na uuandike kwenye mchoro: zikazwe tena baada ya tangi kujazwa mara ya kwanza. Wakikaza tangi likiwa tupu na wasirudi, rodi zitalegea zote siku ya kujaza, kama kwenye kompyuta yako. Mizigo igawe hatua kumi, isiingie kwa mkupuo.

Ukimaliza, chora anka kwa kN 80 na uzito wa msingi wa kila mguu, uniletee. Niko ofisini kesho asubuhi.

---

Kijana wa Katubuka

Imetulia, mzee. Zote kumi na sita. Rodi inayovutwa tangi likijaa, kwa 1.2, ni kN 25.8. Naanza kuchora anka sasa hivi.